Lita Moja, Kilo Moja: Ushauri kwa Mwembamba wa Minova

Boti ya Goma ikikaribia ufuko wa Minova, kwenye Ziwa Kivu, vijana wa mizigo huwa wameshaingia majini hadi magotini kabla hata kamba haijafungwa. Mmoja anageuza mgongo, anainama kidogo, na mfuko wa simenti wa kilo 50 unatuliwa juu ya shingo yake. Anapanda nao kilima kwa hatua fupi fupi, bila kusimama, huku akitaniana na wenzake. Ukimtazama miguu utashangaa: vigimbi ni kamba tupu, mikono ni ya mtoto wa shule.

Kijana mmoja wa hapo aliniuliza swali ambalo nami nililibeba miaka mingi. "Yaya, nabeba kilo hamsini toka asubuhi mpaka jioni. Ni mwaka wa nne sasa. Mbona mwili hauji?"

Nilimwelewa, kwa sababu tangu shule ya msingi jina langu lilikuwa Fimbo. Nilipofika utu uzima nilikuwa na mita 1.78 na kilo 58, na kila sherehe ya arusi shangazi fulani alinishika mkono na kuuliza kama kwetu tunapika. Nimejaribu mambo mengi ya kipumbavu na machache ya maana. Haya machache ndiyo ninayokuandikia.

Kwanza tutenganishe wembamba na wembamba. Sisi wa ufuko huu tunajua kupima mikono. Kila mama aliyewahi kufika kituo cha afya ameuona ule utepe wa nyekundu, njano na kijani unaozungushwa mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huyo anahitaji matibabu siku hiyohiyo. Huo ni wembamba wa njaa. Tangu vita viikate barabara ya Sake mwanzoni mwa 2024, na Minova yenyewe kuingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, nyumba nyingi hapa zinapika mara moja kwa siku. Kumwambia mtu wa nyumba hiyo aongeze sahani ni kumdhihaki, na sitafanya hivyo.

Kuna pia wembamba wa ugonjwa. Kama ulikuwa na mwili na sasa suruali inadondoka, usitafute zoezi, tafuta daktari. Kikohozi kilichopita wiki mbili, jasho la usiku linaloloanisha shuka, kuhara kusikoisha, kiu isiyokatika na kukojoa kila mara, moyo kwenda mbio huku umekaa: hayo yana majina yake, na kifua kikuu, minyoo, kisukari, virusi vya UKIMWI na tezi ya shingo vyote hupimwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huohuo. Jibu likiwa chini ya 18.5, Shirika la Afya Duniani linakuhesabu kuwa na uzito pungufu. Mimi nilipata 18.3. Nilipimwa kila kitu, na sikukutwa na ugonjwa wowote. Ni kwamba baba alikuwa hivyo, na babu kabla yake.

Wembamba wa tatu, wa asili, ndio wa makala haya. Mwenye nao anakula anashiba, haumwi, na uzito wake haujasogea tangu alipomaliza shule. Watu humwambia anajidai au hali vizuri kwa siri. Wamwache. Mwaka 1990 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwalisha jozi 12 za mapacha wa kufanana, vijana wa kiume, kalori 1,000 za ziada kwa siku 84. Chakula cha ziada kilikuwa kilekile kwa wote, lakini mwingine aliongezeka kilo 4 na kidogo, mwingine zaidi ya 13. La kuvutia zaidi, pacha alifanana na pacha wake: kama mmoja hakunenepa, na nduguye hakunenepa sana. Kwa hiyo ndiyo, asili ipo. Shangazi, naomba unisamehe.

Lakini asili hiyo inafanya kazi kwa njia gani? Utafiti mwingine, wa Marekani wa mwaka 1999, uliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Wale walioweka mafuta kidogo sana mwilini walikuwa wameanza, bila kujijua, kutikisika zaidi: wanasimama, wanatembea, wanabadilisha mkao, wanachezesha miguu. Mwili ulipopata chakula kingi ulitumia sehemu kubwa yake. Nilipoisoma habari hiyo nilitazama goti langu chini ya meza. Lilikuwa linacheza.

Zamani kabla ya tafiti hizo, Mzungu mmoja, William Sheldon wa Marekani, aliwagawa wanadamu katika maumbo matatu mwaka 1940: mnene wa tumbo, mwenye misuli, na mwembamba mrefu. Alitazama picha za wanafunzi wapatao 4,000 na kila mmoja akampa namba. Angeishia hapo tungemshukuru, ila aliendelea akadai kwamba umbo linaonyesha na tabia, eti mwembamba ni mwoga na mpenda upweke. Sayansi ililitupa hilo dai, ila ule mgawanyo bado unazunguka kwenye simu za vijana kama hukumu ya mahakama. Hata huku kwetu tumepimwa: Jean Hiernaux, Mbelgiji, alichapisha mwaka 1956 kitabu kizima cha vipimo vya miili ya watu wa Ruanda-Urundi na Kivu. Vipimo ni vya kweli kwa siku vilipochukuliwa. Vinasema mifupa yako ina upana gani. Kuhusu nyama itakayokaa juu yake mwaka kesho havijui lolote.

Sasa nimrudie kijana wa bandarini. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya akina mama wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa kamba ya paji la uso, kama mama zetu wa huku. Walipobeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao, nguvu walizotumia hazikuongezeka hata kidogo kuliko walipotembea mikono mitupu. Mwili wao ulikuwa umejifunza kubeba kwa ubahili. Huyu kijana wetu naye amejifunza. Mfuko wa kwanza, miaka minne iliyopita, ulimtetemesha. Wa leo anapanda nao akipiga soga. Simenti ni ileile kilo 50, haijawahi kuwa 51. Misuli haina sababu ya kukua kwa ajili ya kazi ambayo tayari inaiweza.

Hapo ndipo kazi na zoezi vinapoachana. Kazi inataka uimalize kwa nguvu ndogo kadiri inavyowezekana. Zoezi linataka mzigo upande kidogo kidogo, kisha mwili upewe chakula na usingizi wa kujenga upya. Mwembamba anaweza kukosa vingi, lakini hayo matatu akiyakosa hata moja, hayo mengine hayamsaidii.

Mzigo wenyewe huhitaji kuufuata Goma wala Bukavu. Tafuta bidoni mbili za njano za lita 20, zile zilizotoboka mdomo ambazo mama hachotei tena. (Usitumie ya maji ya kunywa. Mikono yenye udongo na jasho kwenye bidoni ya maji, katika mji ambao kipindupindu hubisha hodi kila mara, ni ujinga.) Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una mzani kamili bila kununua mzani. Chukua chupa ya lita, mimina maji mara nane, kisha chora mstari wa makaa nje ya bidoni mahali maji yalipofika. Huo mstari ndio mwanzo wako. Maji yatacheza ndani na kukuyumbisha, na hiyo ni faida, kwa sababu tumbo na mgongo vitalazimika kukushikilia. Siku lita 20 zitakapokuwa nyepesi, hamia kwenye mchanga wa ziwa uliokauka. Bidoni hiyohiyo ikijaa mchanga inafika kilo 30 hivi.

Mazoezi ni machache. Kumbatia bidoni kifuani, chuchumaa hadi mapaja yalale sambamba na ardhi, simama. Piga pompe, zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita pushapu. Zikiwa rahisi, weka miguu juu ya kigoda. Inua bidoni moja kutoka begani hadi mkono unyooke juu ya kichwa. Ning'inia na ujivute juu hadi kidevu kipite boriti. Hapa naomba utahadhari: usijaribu kwenye mti wa avoka, hata kama tawi ni nene kama paja. Mti wa avoka unakatika bila kutoa taarifa, na mimi nina kovu la kisigino la kukuthibitishia. Boriti ya mkaratusi juu ya nguzo mbili inatosha.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kuvuta, na wengi hulikosea. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, bidoni mbili pembeni. Kunja magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango nayo, mgongo ubaki umenyooka kama ubao. Shika vipini. Sasa vuta viwiko nyuma, vipite mbavu, mpaka uhisi mifupa ya mabega inataka kugusana. Hesabu moja, mbili, kisha shusha taratibu. Ukiwa unarusha kwa kiuno, maji yatapiga kelele ndani. Ukifanya sawasawa, bidoni inapanda kimya. Mimi nilijifunza kwa sikio hivyo.

Fanya kila zoezi seti tatu, kila seti mara 8 hadi 15. Acha pale unapohisi zimebaki mbili tu ambazo ungeweza. Siku utakapofika 15 katika seti zote tatu, ongeza lita moja. Wengi hudhani bila chuma kizito hakuna misuli, lakini majaribio yamerudiwa mara nyingi: hata mzigo mwepesi unajenga, mradi uubebe hadi karibu na kushindwa. Fanya siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kama dakika 40. Zidisha zaidi ya hapo na wewe mwembamba unachoma kile ulichokihangaikia jikoni. Mchezo wa mpira kila jioni nao ni wa kupunguza, angalau kwa miezi michache. Najua hili litanifanya nichukiwe.

Wabeba mizigo wenyewe wafanye mara mbili tu, siku ambazo boti ni chache, na waache miguu, imeshakula simenti ya kutosha. Bandari inaukandamiza mwili kwenda chini siku nzima. Haimpi mtu nafasi ya kuvuta wala kusukuma. Pompe, boriti na kuvuta bidoni ndiyo yanayowapungukia. Na mama anayebeba kwa kamba ya paji, shingo na mgongo wa juu vimevutwa mbele miaka yote: hilo zoezi la kuvuta, na bidoni ndogo za lita 5, litamfaa kuliko mafuta ya kuchua. Wanawake wasiogope kwamba watakuwa na mabega ya askari. Hayaji kwa bahati mbaya. Hata wanaume wanaoyatafuta hawayapati.

Tuje kwenye sahani, ambako wembamba wengi hushindwa. Bugali wa muhogo unajaza tumbo na unatoa nguvu, lakini katika gramu 100 za unga wake protini haizidi gramu 2 hivi. Mtu anaweza kula tonge la ukubwa wa kichwa, akashiba mpaka akasinzia, na misuli ikabaki inasubiri. Anayefanya mazoezi ya kujenga anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwangu, kilo 58, ilikuwa gramu 93. Nilipohesabu nilichokuwa nakula, sikufika hata nusu.

Basi tuhesabu kwa vitu vya soko letu. Vikombe viwili vya maharagi yaliyopikwa vina kama gramu 30. Mayai mawili, 12. Viganja viwili vya karanga, kama 12. Vijiko vitatu vikubwa vya unga wa soya kwenye uji, kama 10. Sambaza wakavu gramu 40, konzi mbili hivi, zaidi ya 20, kwa sababu samaki mdogo aliyekauka zaidi ya nusu yake ni protini tupu. Bugali, ukichanganya mahindi, unamalizia. Hakuna nyama ya ng'ombe hapo, na hakuna ile poda ya kopo inayouzwa kwa bei ya mbuzi.

Huyu sambaza anastahili heshima. Hakuwepo ziwani mpaka mwaka 1959, alipoletwa kutoka Tanganyika, na leo ndiye anayelisha pwani zote mbili za Kivu. Wavuvi wanamvuta kwa taa usiku, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, mavuno yanashuka na bei inapanda. Mwenye busara hununua siku za giza, anaanika, anaweka. Kichwa usikitupe, wala mifupa: hapo ndipo chokaa ya mifupa yako inapotoka.

Baada ya protini, nguvu. Mwembamba hushiba upesi, hivyo chakula chake kiwe kidogo kwa ukubwa na kizito kwa kalori. Kijiko kikubwa cha mawese kwenye sombe ni kama kalori 120. Nusu ya avoka kubwa inazidi hapo, na msimu wake ukifika Kalehe nzima inazigawa karibu bure. Siagi ya karanga kwenye ndizi, jibini la Masisi likipatikana. Anza na mboga na samaki, bugali umalizie. Wengi wetu tunafanya kinyume na samaki anabaki wa watoto. Usinywe maji glasi mbili kabla ya kula. Na kama kula mara tatu ni kushindana na tumbo, kunywa uji katikati, kwani uji hupita mahali tonge limekataa.

Nije kwa vidonge. Dada mmoja jirani yangu alirudi kutoka sokoni na vidonge vya "kunenepa" ndani ya karatasi ya gazeti. Baada ya wiki chache uso ukawa wa mviringo kama mwezi, mashavu yanang'aa, watu wakampongeza. Ndani ya dawa za namna hiyo mara nyingi mna deksamethazoni, dawa nzuri ya hospitali ambayo nje ya hospitali ni balaa: inajaza maji, inapandisha sukari ya damu, inakula mifupa na hiyohiyo misuli unayoitafuta. Mbaya zaidi, inazilaza tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini, kwa hiyo aliyeizoea akiacha ghafla anaweza kuanguka hata kufa. Nyingine ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Ukiiacha, na njaa inaondoka. Kama umeshaanza kumeza, usiache peke yako. Mwonyeshe daktari karatasi na vidonge vyenyewe, akushushe polepole.

Usingizi sitasema mengi. Saa saba au nane. Najua kuna usiku ambao milio ya risasi ndiyo inayoamua. Ukipata utulivu, zima simu.

Na upime. Mzani wa muuza maharagi haukutoshi, lakini kituo cha afya kina wa kusimama. Nenda mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla ya kula. Nusu kilo kwa mwezi ni maendeleo, kilo moja ni sherehe. Mwezi usiposogea, ongeza kijiko cha mawese na kiganja cha karanga kila siku kabla hujalaumu damu ya babu. Funga kamba pia mkononi, juu ya kiwiko, na uweke fundo. Kamba husogea hata mzani unapogoma.

Mimi ilinichukua miaka miwili kutoka kilo 58 hadi 66. Mwili si wa picha ya ukutani, na shangazi bado anaushika mkono wangu, ila siku hizi anaubonyeza mara mbili. Goti bado linacheza chini ya meza. Kijana wa bandarini nilimpa bidoni yangu ya kwanza, yenye mistari ya makaa hadi lita 14. Juzi nilimwona: amechora wa 17.